Ushahidi wa Nguo

Nguo husitiri mwili wa mtu, lakini hufichua habari zake. Hutuambia ametoka nchi gani, anashika kazi gani na ana cheo gani. Na katika zama zilizopita iliweza kutuambia hata kama mtu alikuwa huru au alikuwa mali ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo majumba ya makumbusho, katika nchi nyingi za dunia, huandaa maonyesho ya nguo za kale kwa uangalifu uleule unaotumiwa kuonyesha silaha, sarafu na maandiko. Huenda siku moja, msomaji, mwalimu wako akakutangazia kwamba maonyesho ya namna hiyo yatafunguliwa karibu nanyi, na kwamba darasa lenu litakwenda kuyatazama. Utafurahi, na ni haki yako kufurahi. Utaona majoho yaliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu, vilemba vya hariri, na vitambaa ambavyo rangi zake bado zinang'aa baada ya miaka mingi.

Kustaajabia vitu hivyo si kosa, lakini mshangao peke yake si elimu. Nakuomba uingie katika jumba hilo ukiwa na maswali mawili. La kwanza ni hili: nguo hii iliyo mbele yangu inashuhudia nini? La pili ni hili: ni nguo gani isiyokuwamo humu, na kwa nini haimo? Swali la kwanza aghalabu hujibiwa na karatasi ya maelezo iliyowekwa kando ya nguo. Swali la pili mara nyingi halina karatasi ya kulijibu; nalo ndilo kubwa zaidi, kwa maana bila ya kuliuliza mtu huweza kutoka katika makumbusho akidhani kwamba watu wa kale wote walivaa hariri.

Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo mengi, lakini nguo haimo katika mambo hayo. Jiwe hukaa, chungu kikivunjika, vigae vyake hukaa, shaba na dhahabu hukaa, nguo huoza. Maadui zake ni wengi: unyevu, jua, nondo, mchwa na panya. Hata hivyo adui mkubwa kuliko hao wote ni uhitaji wa mwenye nguo mwenyewe. Tajiri mwenye majoho kumi huvaa moja, na tisa hulala sandukuni. Maskini mwenye nguo moja huivaa kila siku. Ikitoboka huitia kiraka. Ikishindwa kupokea kiraka huikata ikawa mbeleko ya mtoto. Mbeleko ikichakaa huwa tambara la kupangusia. Na tambara likiisha kazi hutupwa jaani au motoni. Basi usishangae ukiona kwamba makumbusho ya dunia yana mavazi mengi ya wakubwa na machache ya wakulima, ingawa katika kila zama wakulima wamekuwa wengi kuliko wakubwa mara nyingi sana.

Ni mara chache tambara la kale husalimika, nalo likisalimika huweza kuwa na thamani kuliko joho. Mwingereza mmoja mtaalamu wa mambo ya kale, Flinders Petrie, alichimba makaburi ya Tarkhan, kusini ya Cairo katika nchi ya Misri, katika miaka ya 1912 na 1913. Miongoni mwa vitu alivyovipata lilikuwamo fungu la vitambaa vya kitani vilivyojaa uchafu. Fungu hilo lilipelekwa London, likawekwa. Petrie alifanya vema kuyahifadhi matambara hayo, lakini ilipita miaka zaidi ya 60 kabla ya mtu kuyasikiliza. Mwaka 1977 mafundi wa kusafisha nguo za kale waliyafungua, na ndani yake wakaona vazi la kitani lenye mikono na marinda madogo madogo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba vazi hilo lina umri wa miaka zaidi ya 5,000. Nalo linahesabiwa miongoni mwa mavazi ya kufumwa ya kale kabisa yanayojulikana duniani. Tena penye viwiko na makwapa pana mikunjo inayoonyesha kwamba lilivaliwa na mtu aliye hai kabla ya kutiwa kaburini. Ushahidi mkubwa namna hiyo ulikuwa umelala ndani ya furushi la matambara.

Vazi hilo liliokolewa na ukavu wa nchi ya Misri. Katika nchi hiyohiyo, katika mji wa kale wa Fustat, ambao sasa ni sehemu ya Cairo, vimepatikana vipande vingi vya nguo za pamba zilizopigwa chapa Gujarat, pwani ya magharibi ya Uhindi, karne nyingi zilizopita. Nguo za Gujarat zililetwa katika pwani yetu pia, kwa vyombo vilivyosukumwa na pepo za kaskazi. Lakini ardhi ya pwani yetu si kavu kama ya Misri. Joto lake na unyevu wake vimekula karibu nguo zote za mababu. Je, tuseme kwamba, kwa kuwa nguo zao hatunazo, basi mababu hawakuwa na nguo, wala hawakujua kufuma? Wako watu waliosema hivyo. Hapa historia inahitaji akili ya hakimu: shahidi mmoja akifa, hutafutwa shahidi mwingine.

Shahidi wa kwanza ni chombo cha kazi. Neville Chittick na wenzake walichimba katika magofu ya Kilwa, kusini mwa pwani ya Tanzania, katika miaka ya 1960. Walipata vigae vingi vya vyungu vilivyochongwa vikawa mviringo, na kila kimoja kimetobolewa tundu katikati. Mtu asiyejua angevipita kama takataka. Kumbe vilikuwa vyombo vya kusokotea uzi. Kijiti kilipenyezwa katika tundu, pamba ikashikizwa juu yake, kijiti kikazungushwa kwa vidole. Na uzito wa kigae ukakifanya kiendelee kuzunguka na kuisokota pamba ikawa uzi. Kigae hakiozi. Kinatuambia kwamba watu wa Kilwa walikuwa wakisokota uzi wao wenyewe kabla ya meli ya kwanza ya Ulaya kuonekana katika bahari yao.

Shahidi wa pili ni maandishi. Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Morocco, alifika Mogadishu na Kilwa mwaka 1331. Ameandika kwamba Mogadishu palifumwa nguo zilizoitwa kwa jina la mji huo, zisizo na kifani, zikapelekwa mpaka Misri. Yeye mwenyewe alipewa huko mavazi ya heshima: nguo ya hariri ya kufunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho la kitambaa cha Jerusalem, na kilemba cha Misri. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, mmoja wa wenzake aliandika kwamba mfalme wa Malindi alikuja amevaa joho la hariri lililopambwa kwa atlasi ya kijani. Na mwanzo wa karne ya 16 Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliandika habari za Sofala, ambayo sasa imo katika nchi ya Msumbiji. Alisema kwamba wafumaji wa huko walifuma nguo nyeupe za pamba. Na walipotaka rangi walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Ifikirie kazi hiyo, msomaji. Mtu ananunua nguo nzima, kisha anaifumua yote ili apate nyuzi za rangi moja! Hiyo si kazi ya watu wasiojua nguo. Ni kazi ya watu wanaojua hasa wanachokitaka.

Lakini tuwe waadilifu. Wasafiri hao waliandika zaidi habari za nguo za watawala na za biashara. Mtu aliyeketi uani akizungusha kijiti chenye kigae, yeye mwenyewe alivaa nini? Wino wao haukumfikia. Tumekwisha kukutana na lile swali letu la pili.

Tuje sasa katika karne ya 19, ambapo swali hilo huwa zito zaidi. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akaanza kazi Unguja. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta kitambaa kigumu cha pamba, kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya pande hizo. Watu wa pwani wakakiita merikani kwa jina la nchi kilikotoka. Walipouza merikani, wafanyabiashara hao waliondoka na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi.

Nataka uufuate uzi wa merikani mpaka mwanzo wake. Pamba iliyofumwa Massachusetts ilitoka katika mashamba ya majimbo ya kusini ya Marekani, nayo ilichumwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Kitambaa kilipofika Unguja kikawa vazi la watu wanyonge, na hasa la watumwa waliofanya kazi katika mashamba ya karafuu. Basi mtumwa wa ng'ambo moja aliichuma pamba, na mtumwa wa ng'ambo ya pili akaivaa. Wala wawili hao hawakuonana, na faida ya safari hiyo ndefu iliingia katika mifuko ya watu wengine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, vikadumu mpaka mwaka 1865, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na za Uhindi zikaingia mahali pake. Lakini jina halikufa. Kiswahili kimeendelea kuita kitambaa cha namna hiyo merikani, ijapokuwa hakikutoka Marekani.

Katika safari za bara nguo ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka. Mikono minane, yaani shuka mbili, ilifanya doti. Na kitambaa kizima kilichokunjwa kiliitwa jora. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Mombasa ilibeba mizigo ya merikani na kaniki, pamoja na ushanga na nyaya za shaba, ili kununua chakula na pembe, na kulipa hongo kwa watawala wa njiani. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, sehemu kubwa ya mizigo ya wapagazi wake ilikuwa nguo. Mfikirie mpagazi wa safari kama hiyo: begani amebeba nguo za kuvalisha kijiji, na vazi lake mwenyewe ni hilo alilojifunga kiunoni.

Wala usidhani kwamba watu wa bara walikuwa wakingojea merikani ndipo wapate kujisitiri. Baganda waligonga gome la mti wa mutuba likawa nguo laini ya rangi ya udongo. Na ufundi huo haujafa, kwa maana mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa wanadamu. Wakikuyu, Wamaasai na wengine walilainisha ngozi za wanyama, wakazishona na kuzipamba kwa ushanga. Nguo ya dukani haikuwakuta watu hawa uchi. Iliwakuta wana mavazi yao, nayo polepole ikachukua nafasi ya mavazi hayo.

Turudi pwani, tuione nguo ikifanya kazi ya sheria. Katika zama za utumwa, vazi lilimtenga mwungwana na mtumwa. Mwungwana wa kiume alijulikana kwa kanzu, kofia au kilemba, joho na viatu. Mtumwa aghalabu alivaa kipande cha merikani, au cha kaniki, yaani nguo ya pamba iliyotiwa rangi nzito ya nili. Kichwa chake kilikuwa wazi na miguu yake mitupu, kwa kuwa kofia na viatu vilikuwa alama za watu huru. Mwanamke mtumwa alijifunga nguo yake chini ya makwapa, mabega yakabaki wazi. Mwanamke wa kiungwana wa Mombasa au Lamu alipotoka nyumbani alitembea ndani ya shiraa, nguo pana kama hema, iliyoshikwa na wajakazi. Heshima ya bibi ilikuwa kutoonekana. Kazi ya mjakazi ilikuwa kuonekana akiishika heshima hiyo.

Amri ya kukomesha hali ya utumwa ilitolewa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Amri hizo ziliandikwa kwa wino juu ya karatasi, na wengi wa walioachwa huru hawakuweza kuzisoma. Lakini walijua namna ya kuzijibu: walibadili mavazi. Wanaume walivaa kanzu na kofia. Wanawake waliiacha kaniki, wakavaa kanga za rangi. Na miaka ilipopita wengi wao wakavaa buibui, ambalo mtu hujivalia mwenyewe bila ya kuhitaji mjakazi wa kumshikia. Kichwa kilichokatazwa kufunikwa jana, leo kilifunikwa kwa hiari ya mwenyewe. Kwa watu hawa uhuru ulionekana katika duka la nguo kabla ya kuonekana katika kitabu chochote.

Kanga yenyewe ilianza katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso, vitambaa vya mraba vilivyopigwa chapa, ambavyo jina lake limetoka katika Kireno. Wakaziunga pamoja zikawa nguo moja pana, na wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo nzima ya namna hiyo. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye zikatumiwa herufi za Kirumi. Kwa miaka mingi kanga zilipigwa chapa katika nchi za mbali, kama Uholanzi, Uingereza, Uhindi na Japani, na baadaye viwanda vya Afrika Mashariki navyo vikazitengeneza, kama kile cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Basi mashini ilikuwa ya wengine, lakini lugha ilikuwa ya pwani, na hukumu ilikuwa ya mwanamke aliyesimama dukani. Kanga asiyoipenda ilibaki juu ya rafu, hata iwe imetoka kiwanda gani.

Sasa nakurejesha katika jumba la makumbusho. Kanga utaikuta, na pengine buibui, na joho la mwungwana. Je, merikani iliyovaliwa na mtumwa shambani utaikuta? Nguo ya namna hiyo ni adimu sana. Ilivaliwa ikaisha, hiyo ni sababu moja. Sababu ya pili si vigumu kuifikiri: mtu aliyepata uhuru, kwa nini aitunze nguo ya utumwa wake ili wajukuu waione? Kuiacha kulikuwa sehemu ya uhuru wenyewe. Basi pengo hilo limefanywa na mikono miwili: mkono wa umaskini ulioimaliza nguo, na mkono wa heshima ulioitupa. Mwanafunzi wa historia akilipita pengo hilo bila ya kusimama, amewapita watu wengi kuliko wale walioacha majoho. Akisimama akauliza, tayari ameanza kuwarudishia mahali pao.

Na majibu yapo kwa atakayeyatafuta. Yamo katika picha za zamani, katika hesabu za wafanyabiashara, katika vitabu vya wasafiri, na katika Kiswahili chenyewe, kilichohifadhi merikani, kaniki, doti na leso kama sanduku lisiloingia mchwa. Nairobi, Makumbusho ya Taifa yana picha ambazo Joy Adamson alizichora mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, za watu wa makabila mengi ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Ni hazina, kwa maana mengi ya mavazi hayo hayavaliwi tena kila siku. Lakini hata picha hizo ziulize: mtu huyu alivaa hivi akienda kuteka maji na kuchunga mifugo, au alijipamba hivi kwa siku kubwa tu?

Ukisimama mbele ya nguo yoyote, ichunguze kwa utaratibu. Uliza imefanywa kwa kitu gani: pamba, hariri, kitani, ngozi au gome, maana kitu hicho kitakuonyesha njia za biashara. Uliza ni mikono ya nani iliyochuma, iliyosokota, iliyofuma na iliyoshona. Maana jina la mvaaji huandikwa, na majina ya mafundi husahauliwa. Tazama mikunjo, viraka na madoa. Maana nguo iliyovaliwa sana imeona mengi kuliko nguo iliyotunzwa. Mwisho uliza ni nani aliyekatazwa kuivaa. Ukipata jibu la swali hilo moja, utakuwa umeufahamu mpango wa watu wa zama zile, nani alikuwa juu na nani alikuwa chini.

Tena usingoje mpaka shule ikupeleke. Nyumbani kwenu, au kwa jamaa zenu, hapakosi nguo ya zamani iliyowekwa sandukuni: kanga ya arusi, kofia iliyofumwa kwa mkono, kikoi, au vazi la ngozi la mzee. Omba ruhusa, uiulizie. Andika jina lake, mwaka iliponunuliwa au kushonwa, mji ilikotoka, nani aliivaa, na siku gani. Uliza pia ni nguo gani aliyokuwa nayo mzee huyo ambayo sasa haipo, na ilikwenda wapi. Uandike hilo nalo. Kisha ikunje nguo katika kitambaa safi, uiweke mahali pakavu pasipo jua. Wazee walisema akiba haiozi. Nguo huoza, lakini habari za nguo, zikiandikwa kwa kweli na kwa uangalifu, zitakuwa akiba kwa watakaokuja baada yako.